Ufundi wa Kuijua Kasoliti

Reli iliyotoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama mwaka 1918 na kukomea kwenye ukingo wa Lualaba. Kutoka hapo mto unapitika kwa meli, ukikata mabwawa na maziwa ya Upemba mpaka Kongolo, na kwa miaka kumi Bukama ikawa mahali pa kushusha mzigo kutoka kwenye behewa na kuupakia majini. Mwaka 1928, njia mpya ya kwenda Ilebo kupitia Kamina ilipofunguliwa, kituo cha mwisho kikawa kituo cha njiani. Treni ziliendelea kupita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, sehemu ya madini ya urani ya Katanga ilipelekwa kwa njia hiyohiyo hadi Ilebo, ikashuka mito ya Kasai na Kongo hadi Kinshasa, kisha ikapanda treni ya Matadi. Mtu aliyekaa stesheni ya Bukama aliona mabehewa tu.

Mzigo huo ulitoka kusini, Shinkolobwe, karibu na mji wa Likasi, mahali penye kilima kinachoitwa Kasolo. Mwaka 1915 mtafuta madini Mwingereza, Robert Rich Sharp, aliyakuta hapo mawe yenye urani. Uchimbaji ulianza 1921 chini ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na madini yakawa yanasafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, ili kutolewa radiamu, ambayo wakati huo bei yake ilikuwa haishikiki. Baadaye kilichotakiwa kikawa ni urani yenyewe, kwa ajili ya bomu. Habari za bomu zimesimuliwa vya kutosha. Ipo kazi nyingine iliyofanywa juu ya mawe yaleyale, nayo ni kazi ya kuyatambua, kuyatenga na kuyapa kila moja mahali pake. Kazi hiyo inaonekana vizuri kuliko penginepo katika madini mamoja adimu, silikati ya risasi na urani iliyopewa jina la kile kilima: kasoliti.

Ugumu unaanzia kwenye rangi. Chini kabisa Shinkolobwe kuna uraniniti, jiwe jeusi, zito, lenye zaidi ya miaka milioni 600. Maji ya mvua na hewa vinapolifikia, urani yake inabadilika, na ikishabadilika hupenda rangi ya njano. Hapo ndipo mtihani ulipo. Sodiiti ni ya njano. Uranofani ni ya njano, na sklodowskiti vilevile. Bekereliti na skupiti ni za njano iliyokolea. Kuriti inaelekea kwenye rangi ya machungwa. Kasoliti yenyewe huanza na njano ya udongo, ikapitia rangi ya kaharabu mpaka hudhurungi, na mara chache huwa na ukijani. Mara nyingi mawe haya yanakaa pamoja katika ufa mmoja, moja limeota juu ya jingine, fuwele zake zikiwa na urefu wa milimita chache, au hazina umbo kabisa, ni ukoko tu kama kutu. Anayetegemea jicho peke yake atayaita yote "mawe ya njano" na kwenda zake.

Jicho la fundi halidharauliwi, ila linapewa kazi linayoiweza. Kwanza linatazama umbo. Fuwele za kasoliti huwa bapa na nyembamba, kama vibao vidogo, na mara nyingi zimetawanyika kutoka kitovu kimoja. Kisha linatazama mng'ao. Fuwele safi inang'aa kwa namna ya mafuta au utomvu mkavu, na pale ilipojazana kama ukoko haing'ai kabisa. Kisha linatazama namna jiwe linavyopasuka. Kasoliti ina upande mmoja inakopasuka kwa urahisi na kuacha uso ulionyooka. Pande nyingine inapasuka vibaya, bila nidhamu. Hilo la kupasuka tutalirudia, kwa sababu fundi aliyeliona miaka ya 1920 hakuwa na uwezo wa kujua sababu yake.

Baada ya jicho ni mkono. Ukucha wa mtu una ugumu wa karibu 2.5 katika kipimo cha Mohs, na kisu cha chuma karibu 5.5. Uranofani na sklodowskiti ni laini, zinacheza kati ya 2 na 3, na bekereliti iko hapohapo. Kasoliti ina ugumu wa 4 hadi 5, yaani ukucha hauigusi ila kisu kinaikwaruza. Kwa swali moja dogo la namna hiyo, nusu ya majirani wameshaondoka kwenye orodha. Sodiiti inabaki ikisumbua, maana nayo inafika 3 hadi 4, na kuriti imelingana na kasoliti kabisa.

Basi jiwe linapelekwa kwenye mizani. Linapimwa hewani, kisha linapimwa likiwa limezamishwa majini, na tofauti ya vipimo hivyo viwili inatoa uzito wake ukilinganishwa na maji. Kwarzi ya kawaida, ile iliyojaa kwenye changarawe ya kila mto, ni 2.65. Sklodowskiti ni karibu 3.6, uranofani karibu 3.9, sodiiti karibu 4.7. Kasoliti inaanzia 5.8 na kufika 6.5. Uzito huo ni wa risasi. Fundi mwenye uzoefu huuhisi hata kabla ya mizani, kwa kupima vipande viwili vya ukubwa mmoja katika viganja viwili, ingawa hataandika neno mpaka mizani iseme. Sodiiti imeondoka sasa. Imebaki kuriti, ambayo nayo ina risasi nyingi na imepita 7.

Hapo linaletwa swali la unga. Jiwe linasuguliwa kidogo kwenye kigae cheupe kisichopakwa rangi, na unga unaobaki hutazamwa. Kuriti inaacha mstari wa rangi ya machungwa, kasoliti inaacha njano hafifu yenye uhudhurungi. Na kama bado kuna shaka, chumba kinatiwa giza na taa ya mionzi ya urujuanimno inawashwa. Madini kadhaa ya urani huwaka kijani chini ya taa hiyo, otuniti ikiwa mfano unaojulikana zaidi. Kasoliti inakaa gizani. Kutokuwaka nako ni jibu, na fundi huliandika kama anavyoandika majibu mengine.

Ninachokipenda katika mfuatano huu ni kwamba hakuna swali hata moja linalotosha. Rangi inadanganya, ugumu unalingana na wa jirani, uzito unaharibiwa na uchafu kidogo wa kwarzi uliojificha ndani ya kipande. Kila jibu linakubaliwa kwa masharti. Wanawake wanaonunua samaki wa maziwa ya Upemba hapo Bukama wanaijua kanuni hii bila kufundishwa darasani: jicho la samaki linaweza kumwagiwa maji likang'aa, kwa hiyo wanafunua shavu, wanabonyeza mgongo, wananusa, na bei inatajwa baada ya yote hayo. Ubora wa fundi wa mawe haupimwi kwa wepesi wa kutaja jina. Unapimwa kwa idadi ya majina aliyoyakataa, na sababu za kuyakataa.

Na ufundi wa kusoma mawe haukuletwa na reli katika nchi hii. Chini kidogo ya Bukama, ukifuata Lualaba, kuna Ziwa Kisale, na kando yake mahali panapoitwa Sanga. Jacques Nenquin alichimbua makaburi ya kale hapo mwaka 1957, na Jean Hiernaux akaendelea mwaka 1958. Pamoja na vyungu na vyuma, walikuta vitu vya shaba, na katika makaburi ya karne za baadaye misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Shaba hiyo haichimbwi katika bonde la Upemba. Ilitoka kusini, kwenye ukanda uleule ambao baadaye ulichimbwa na Union Minière. Maana yake ni kwamba kulikuwa na watu waliojua kulitenga jiwe la kijani lenye shaba na jiwe la kijani lisilo na kitu, na huenda walijua pia kuwa ua fulani dogo la zambarau, ambalo wataalamu wa mimea huliita Haumaniastrum katangense, huota pale ardhi ilipojaa shaba. Hata Shinkolobwe, madini bora yalichaguliwa kwa mikono. Wafanyakazi walisimama wakitenga jiwe jeusi zito na jiwe jepesi, la njano na la kijivu, bila kinga yoyote dhidi ya mionzi. Majina yao hayakuandikwa kwenye vibandiko vya makumbusho, ila macho yao ndiyo yaliyopita kwanza.

Macho na mikono vina mwisho wake. Kusema jiwe hili si sodiiti wala si kuriti ni jambo moja, na kusema lenyewe ni nini ni jambo jingine. Kwa hilo jiwe lilipaswa kuharibiwa. Mtu aliyeifanya kazi hiyo ni Alfred Schoep, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1881, profesa katika Chuo Kikuu cha Ghent. Mawe ya Katanga yalimfikia mezani, na kwa miaka michache tu akatoa madini mapya moja baada ya jingine: kuriti mwaka 1921, sodiiti na bekereliti mwaka 1922, sklodowskiti mwaka 1924. Majina hayo yalichukuliwa kwa wanasayansi wa mionzi, Pierre Curie, Frederick Soddy, Henri Becquerel na Marie Skłodowska Curie. Kasoliti ilitangazwa mwaka 1921 katika taarifa za Chuo cha Sayansi cha Paris, na yenyewe ikabaki na jina la nyumbani kwake. Mwaka 1923 Thomas Walker wa Toronto alimlipa Schoep heshima hiyo kwa kuita madini mengine ya Kasolo skupiti.

Kazi ya meza ilikwenda hivi. Fuwele safi zinachambuliwa chini ya hadubini kwa koleo ndogo, moja moja, mpaka zitoshe kupimwa. Uchafu wowote utakaoachwa hapa utajificha ndani ya namba mpaka mwisho, na hakuna hesabu itakayoutoa. Kisha fuwele zinatiwa asidi ya nitriki. Kasoliti inayeyuka, lakini haiyeyuki yote. Nyuma inaacha silika laini yenye utelezi. Dalili hiyo peke yake inaiondoa kuriti kabisa, kwa sababu kuriti haina silika. Maji yaliyobaki yakitiwa asidi ya salfa, unga mweupe mzito unatulia chini: hiyo ni risasi. Urani inatolewa baadaye kwa hatua zake. Kila kitu kinachujwa, kinakaushwa, kinachomwa, kinapimwa, kinachomwa tena na kupimwa tena mpaka mizani iache kubadilika.

Sasa itazame hesabu, kwa maana uzuri wa madini haya uko humo. Katika gramu 100 za kasoliti safi kabisa, oksidi ya risasi ni gramu 38.0, oksidi ya urani ni gramu 48.7, silika ni gramu 10.2, na maji ni gramu 3.1. Kwa macho namba hizo hazina uhusiano wowote. Lakini molekuli za vitu hivi hazilingani uzito, kwa hiyo mkemia anagawanya kila namba kwa uzito wa molekuli yake: 38.0 kwa 223, 48.7 kwa 286, 10.2 kwa 60, na 3.1 kwa 18. Majibu yote manne ni 0.17. Risasi moja, urani moja, silika moja, maji moja. Kati ya madini yote ya njano ya Kasolo, yenye mafomula marefu ya kuchosha, hili limejengwa kwa kimoja kimoja. Maji ndiyo yanayosumbua zaidi kuhesabu, maana gramu tatu katika mia ni kidogo, na unyevu wa hewa ulioshika kwenye unga unaweza kujifanya kuwa sehemu ya jiwe. Mkemia anapaswa kulikausha jiwe vya kutosha kuondoa unyevu wa wageni bila kufukuza maji ya mwenye nyumba.

Swali linalofuata ni la asili. Risasi ilitoka wapi? Kusini mwa Katanga kuna shaba, kobalti na nikeli, na ndiyo maana urani ya huko imeoa pia metali hizo. Lakini kwa nini risasi ionekane kila mahali katika mawe ya njano? Jibu linapatikana ndani ya lile jiwe jeusi la chini. Atomu za urani hazidumu. Nusu ya urani 238 hugeuka risasi 206 katika miaka bilioni 4.47, ikipitia radiamu njiani. Katika miaka milioni 600 na zaidi, karibu atomu moja katika kila kumi za urani ndani ya uraniniti ya Shinkolobwe imeshakuwa risasi. Mwaka 1923 Theodore Richards wa Harvard, aliyekuwa na Tuzo ya Nobeli kwa upimaji wa uzito wa atomu, alipima akiwa na mwenzake Putzeys risasi iliyotoka katika madini ya urani ya Kongo. Risasi ya kawaida ina uzito wa 207.2. Ile ya Kongo ilikuwa 206.2. Tofauti ya kimoja katika mia mbili na saba, iliyopimwa kwa mizani na subira, ilitosha kuonyesha kwamba risasi hiyo ni mtoto wa urani.

Kwa hiyo mvua ilipoifikia uraniniti na kuivunja, urani ilitoka ikiwa na risasi iliyozaliwa ndani yake. Urani iliyopata hewa ya kutosha husafiri na maji kwa urahisi, lakini risasi ni nzito wa miguu, haiendi mbali. Maji yenye silika yalipopita, vitatu hivyo vilishikana hapohapo. Clifford Frondel wa Harvard aliandika mwaka 1956 juu ya mpangilio unaoonekana jiwe la namna hiyo likikatwa katikati: jeusi la uraniniti kwenye kiini, kisha ukanda wa rangi ya machungwa na njano wa oksidi za urani na risasi zenye maji, na nje kabisa silikati, yaani uranofani na kasoliti. Anayejua kusoma anaanzia katikati na kwenda nje, na kila hatua inamsogeza mbele katika wakati. Katika kasoliti, mzazi na mtoto, waliotenganishwa na kuvunjika kwa jiwe la kwanza, wamepangiwa tena nyumba moja, safari hii kwa hesabu ya sawa kwa sawa.

Utambuzi ukishakamilika, kazi ya kupanga ndiyo kwanza inaanza. Madini mapya yanahitaji ukoo, na ukoo hauamuliwi na rangi wala na mahali yalipookotwa. Unaamuliwa na namna atomu zilivyopangana, jambo ambalo Schoep hakuweza kuliona mwaka 1921. Kilichosubiriwa ni eksirei. Mionzi hiyo ikipita kwenye fuwele hutawanyika kwa pembe zinazotegemea umbali kati ya atomu, na kutoka kwenye madoa ya filamu mtu anaweza kurudi nyuma, kwa hesabu ndefu, mpaka kwenye mpangilio. Muundo wa kasoliti ulichapishwa kwa usahihi mwaka 1977 na Rosenzweig na Ryan.

Wanachokionyesha ni hiki. Kila atomu ya urani imeshikwa na oksijeni mbili zilizonyooka juu na chini yake, na oksijeni nyingine tano zimeizunguka kiunoni kwa umbo la pembe tano. Maumbo hayo yanashikana ubavu kwa ubavu na kufanya minyororo. Kati ya mnyororo na mnyororo imekaa silikoni yenye oksijeni zake nne, ikiushika mnyororo mmoja kwa ubavu na wa pili kwa kona. Minyororo iliyounganishwa hivyo inakuwa tabaka pana, na risasi pamoja na maji vinakaa kati ya tabaka na tabaka. Ule upande mmoja ambao jiwe hupasuka kwa urahisi, ulioonekana kwa macho tangu mwanzo, ni upande unaofuata tabaka hizo. Nyundo ndogo ya fundi ilikuwa inatenganisha tabaka za atomu miongo kadhaa kabla mtu hajajua kuwa zipo.

Tabaka hilo ndilo lililoipa kasoliti ndugu. Kipimo chake kimoja kinachojirudia ni nanomita 0.67 upande mmoja na 0.69 upande wa pili. Vipimo vya tabaka la uranofani ni 0.67 na 0.70. Madini mengine kadhaa yana tabaka lilelile, na kinachotofautiana ni nani anayekaa katikati: kalsiamu katika uranofani, magnesi katika sklodowskiti, shaba katika kuprosklodowskiti, ambayo Johannes Vaes aliieleza mwaka 1933 kutoka Kalongwe, potasi katika boltwooditi, kobalti katika ursiniti ya Shinkolobwe, iliyotangazwa na Deliens na Piret mwaka 1983. Huo ndio ukoo wa uranofani. Katika mpangilio wa Strunz, unaotumika katika makumbusho mengi, ukoo huo una anwani 9.AK.15. Tisa ni silikati. A ni silikati ambazo silikoni zake hazishikani zenyewe kwa zenyewe. K ni zile zenye urani. 15 ni chumba cha ukoo wenyewe. Herufi na namba chache zimebeba kazi yote ya nyundo, asidi na eksirei.

Hata hivyo kasoliti ni ndugu wa pembeni kidogo, na hapa upangaji unaonyesha makali yake. Magnesi moja katika sklodowskiti inahudumia urani mbili. Chaji yake haitoshi kulipa deni la oksijeni, kwa hiyo kila silikoni inalazimika kushika haidrojeni moja ili hesabu ikae sawa. Katika kasoliti kila urani ina risasi yake. Risasi inaleta chaji mbili, urani na oksijeni zake mbili zinaleta mbili, silikati inadai nne, deni limelipwa na haidrojeni hiyo haitakiwi. Zaidi ya hapo, kasoliti ina molekuli moja tu ya maji kwa kila urani, wakati sklodowskiti ina tatu. Basi wataalamu waliiweka katika ukoo kwa sababu ya tabaka, na wakaandika pembeni kwamba silikati yake haina haidrojeni. Hawakuuvunja ukoo kwa ajili ya tofauti moja, wala hawakuificha tofauti ili ukoo upendeze. Kwa mtazamo wangu hicho ndicho kipimo cha upangaji mwema: kila kitu kina mahali, na kila mahali pana maelezo ya kile kisichokaa sawasawa.

Ukavu huo una faida yake. Skupiti, yenye maji mengi, inaweza kuharibika ikiwa imetulia tu kwenye droo. Inapoteza maji, inafifia na kuwa madini mengine huku kibandiko chake kikiwa kilekile. Mabadiliko ya namna hiyo katika madini ya urani yaliwavutia watu wasiojihusisha na makumbusho. Mafuta ya vinu vya nyuklia yaliyokwisha kutumika ni oksidi ya urani, karibu na uraniniti. Yakizikwa ardhini kwa maelfu ya miaka, maji na hewa vitayafanya nini? Robert Finch na Rodney Ewing, mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikwenda kutafuta jibu katika vipande vya Shinkolobwe, kwa sababu pale mvua ilikuwa imeshalifanya jaribio hilo kwa muda ambao hakuna maabara inayouweza. Kasoliti na jamaa zake zikawa ushahidi wa mahali urani inapotulia baada ya kuvunjika. Ushahidi huo usingekuwa na thamani kama kipande kimoja cha njano kingeitwa kwa jina la kingine.

Nao si wa kuchezea. Zaidi ya theluthi ya uzito wa kasoliti ni risasi na asilimia 40 ni urani, na vyote viwili vina madhara. Vumbi lake halitakiwi kuvutwa wala kumezwa, na gesi ya radoni inayotoka humo hujikusanya ndani ya chumba kilichofungwa. Fundi anayejiheshimu hulisugua jiwe mara moja tu kwenye kigae, hufuta unga kwa kitambaa chenye maji, hunawa, na sampuli hukaa mbali na mahali watu wanapolala au kula. Serikali ya Kongo ilifunga eneo la Shinkolobwe kwa amri ya rais mwaka 2004, na mchimbaji mdogo anayekutana na ukoko wa njano mzito kuliko unavyoonekana, hata penginepo katika ukanda wa shaba, ana sababu nzuri ya kuuacha. Kasoliti imepatikana pia Musonoi, upande wa Kolwezi. Kwa mtu huyo, kujua tofauti ya njano na njano ni suala la afya yake mwenyewe.

Kazi yenyewe haijaisha. Katika miaka ya 2010 wataalamu waliokuwa wakichunguza upya vipande vya zamani walitambua madini mengine ya risasi na urani ambayo hayakuwa na jina, wakayaita shinkolobweiti. Yalikuwa yametoka ardhini zamani, yamepita mikononi mwa watu wengi, na hakuna aliyekuwa na kosa. Vifaa vya kuyauliza swali lililohitajika vilikuwa bado. Ndivyo ilivyokuwa kwa kasoliti nayo. Mizani ya mkemia ilisema kimoja kimoja, kwa kuyeyusha na kupima. Miongo mitano na zaidi baadaye eksirei, ambayo haiyeyushi wala haipimi uzito, ilihesabu atomu zilizopangana ndani ya fuwele na kukuta risasi moja, urani moja, silikoni moja na molekuli moja ya maji. Njia mbili zisizotegemeana zilifika mahali pamoja, na ndiyo sababu leo mtu wa Lubumbashi, Ghent au Toronto anaweza kuandika kasoliti kwenye kibandiko akijua kwamba mwenzake atakayelipima jiwe hilo upya atapata jibu lilelile.